Mwaka Niliofuga Mbu

Dada yangu Nyamizi tulimzika siku ya mvua, na kesho yake asubuhi, miongoni mwa waliokuja kukaa nasi matangani, aliingia mwanamke ambaye sikumtambua mara moja. Alikuwa amefunga kitenge juu ya suruali ya kazi na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jeusi la mbugani. Akapiga magoti mlangoni kama wanavyofanya mabinti zetu, akasema, "Mwangaluka, guku," yaani umeamkaje, babu. Kwa sauti hiyo ndipo nikajua kwamba ni Kabula. Kabla sijamjibu, wanawake waliokuwa wamekaa mkekani walisogea wakampa nafasi, na mmoja wao akamletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, bila kuombwa. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Mimi niliwahi kumwona mmoja wa wanawake hao hao akimwaga maji chini mbele ya macho yake ili asinywe. Nilitoka nje, nikasimama chini ya paa ambako matone yalikuwa yakidondoka, nikamshukuru Mungu, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu dada afariki.

Wanaoandika habari za mwaka uliowajenga huandika juu ya ujana wao, siku za shule au za uchumba. Wangu ulinijia nikiwa na mvi. Nilikuwa nimeshastaafu kazi ya ukatekista katika kigango chetu, upande wa Zagayu, mke wangu ametangulia mbele ya haki, na nilidhani Mungu amemaliza kunifundisha, limebaki la kuniita tu. Sitaeleza habari za ukoo wetu, hazina tofauti na za majirani. Inatosha msomaji ajue kwamba niliishi peke yangu kwenye nyumba ya bati iliyo juu kidogo ya mwinuko, na kwamba chini yangu, hatua chache tu, ulikuwa mji wa dada Nyamizi, naye mjane, aliyekaa na mwanawe Masunga na mkewe Masunga aitwaye Holo. Nililala kwangu, nikala kwao.

Jiko la Nyamizi lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa nyasi, na ukuta wake mmoja ulikuwa umetobolewa tundu la kupitisha moshi. Tundu hilo lilipitisha na maneno pia. Nilikuwa nakaa nje kwenye kigoda nikisubiri chakula, na kila lililosemwa ndani nililisikia. Asubuhi tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Jioni ugali wa mtama na majani makavu ya kunde, na maziwa, siku zote maziwa, yaliyokamuliwa muda huo huo na kunywewa yakiwa na joto la ng'ombe. Masunga alikunywa kibuyu kizima huku amesimama, akajifuta mdomo kwa mkono, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na mwili mkubwa na mikono mipana, na ng'ombe walimfuata bila kuswagwa. Ninapomkumbuka leo, humwona na kibuyu kile.

Kabula alikuja kwetu mwanzoni mwa mwaka huo, na kijana mwenzake mwenye pikipiki, kutoka ofisi ya utafiti iliyokuwa imepanga vyumba pale Bariadi mjini. Walitaka kutundika mtego wa mbu. Walichagua zizi la Masunga kwa sababu lilikuwa karibu na lambo la kunyweshea mifugo, na sebule yangu waliichagua kwa sababu huku juu mtandao wa simu hausumbui. Mtego ulikuwa kama ndoo iliyogeuzwa, una feni ndogo ya kuvuta hewa, wavu chini yake, kinasa sauti, na kioo kidogo cha kamera. Uliwashwa kwa nguvu ya jua. Sanduku la pili, lililopokea habari za ule mtego na kuzituma mjini, walilifunga ukutani kwangu, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Lilikuwa na taa moja ya kijani. Kwa hiyo kila nilipopiga magoti kusali, mbele yangu kulikuwa na mioto miwili, ule wa picha na ule wa sanduku.

Nilimwuliza Kabula kwa nini serikali au mtu yeyote agharamie kupiga picha mbu. Alikaa kwenye kiti changu kibovu, akanieleza taratibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma pale aliponiona nimekunja uso. Alisema kila aina ya mbu ina mlio wake wa mabawa na umbo lake, na mashine hujifunza kuwatofautisha kama mchungaji anavyojua kengele za ng'ombe wake. Wale wanaonaswa huchukuliwa na kupimwa maabara, kuona kama wamebeba ugonjwa. "Mtu akiugua tumechelewa, guku," alisema. "Ng'ombe akiugua pia tumechelewa, ingawa siyo sana. Lakini mbu hutangulia. Tukimsikiliza mbu, tunaweza kujua kabla ya mtu na kabla ya ng'ombe." Halafu akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Wapo mbu, alisema, ambao hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde, na udongo ukikauka mayai hayafi. Hukaa humo mwaka baada ya mwaka, mengine yakiwa na ugonjwa tayari ndani yake, yakisubiri mvua kubwa. Nilikuwa nimefundisha uvumilivu maisha yangu yote, nikiwaambia wakatekumeni kwamba ni tunda la Roho Mtakatifu. Sikuwahi kufikiri kwamba maradhi nayo yanao.

Watani wangu hawakunipa nafasi ya kuwaza sana. Siku ya mnada, kabla sijafika kwenye vibanda vya nyama, mtu aliita, "Jamani, mpisheni Mfuga Mbu!" Mwingine akauliza, "Katekista, wanakamuliwa hao?" "Wanakamuliwa," nikajibu, "ila maziwa yao mekundu." Wakacheka mpaka wakashika magoti. Jina likanikaa. Hata Masunga alilitumia pale jikoni. "Mjomba, wenzako wana ng'ombe, wewe una mbu. Ukitaka kuoa tena, mahari utapima kwa kijiko?" Na mama yake, kutoka ndani: "Nani atamkubali? Mzee analala na taa ya kijani kama mnara wa simu!" Holo, ambaye hakuwa msemaji, alicheka kwa kuficha uso kwenye upande wa kanga.

Lakini kupitia tundu lile la moshi nilianza kusikia na mazungumzo ya namna nyingine. Jirani mmoja alikuwa amekuja kuomba moto. "Taa ya zizini inaita mbu," alisema. "Mbu wa mbuga nzima wanaiona."

"Haina taa ile," Holo akamjibu. "Ina feni."

"Basi feni inawavuta. Na damu iliyo ndani ya hao mbu, wanaipeleka wapi?"

"Damu ya ng'ombe hiyo."

"Leo ya ng'ombe," jirani akasema, na akaondoka na kaa lake la moto.

Siku chache baadaye Kabula alikuja kubadilisha wavu. Jua lilikuwa kali, naye alipita kisimani akawaomba maji wanawake waliokuwa wakichota. Nilikuwa natoka shambani, nikaona. Hakuna aliyemtukana. Mmoja wao tu aliinua ndoo yake iliyojaa akaimwaga yote chini, polepole, kisha akaanza kuchota upya kana kwamba hakuna mtu aliyesimama pale. Kabula alisema "Wabeja," yaani ahsanteni, akaendelea na safari. Nilimpa maji nyumbani kwangu. Alikunywa vikombe viwili, hakulisemea lile jambo, akaniomba kitambaa afute kioo cha kamera.

Ndipo mvua zikaja. Watu wa huku tunaomba mvua kila mwaka, na mwaka ule tulipewa mpaka tukaogopa kuomba tena. Pamba ililala chini ikaoza. Majaruba ya mpunga yaliungana yakawa ziwa moja. Lambo lilivunja ukingo wake, maji yakatambaa mpaka kwenye mashina ya mkonge unaozunguka zizi la Masunga. Mbu walikuwa wengi hivi kwamba tulikula jikoni, ndani ya moshi, tukilia machozi na kutafuna. Siku moja asubuhi, nikiwa nimekaa sebuleni na rozari mkononi, simu yangu ililia. Alikuwa Kabula.

"Guku, ng'ombe wa Masunga wazima?"

"Wazima. Wanameta."

"Hakuna aliyetupa mimba? Hata kondoo?"

"Hakuna."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Basi tumewahi," alisema. "Usimruhusu mtu yeyote kuchinja wala kusogeza mnyama. Tunakuja."

Walikuja siku ile ile, tope likiwa limewafika magotini, pamoja na afisa mifugo wa wilaya. Wanaume waliitwa kwenye ofisi ya kijiji, na waliojaa ndani waliacha wengine wakisikiliza dirishani. Kabula alieleza kwamba mashine ilikuwa imeona aina ile ya mbu ikiongezeka ghafla baada ya mafuriko, na kwamba maabara imekuta ndani yao Homa ya Bonde la Ufa. Alieleza kwa upole na kwa maneno mepesi. Ugonjwa huu hutupisha mimba mifugo na kuua ndama. Mtu huupata kwa mbu, na zaidi kwa kushika damu, nyama mbichi au ndama aliyetupwa. Maziwa yachemshwe. Mnyama akifa asichunwe. Akitupa mimba, asishikwe kwa mikono mitupu. Na afisa mifugo akamalizia: karantini, hakuna ng'ombe kutoka kijijini, chanjo inaletwa barabara ikipitika. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza. Wasukuma tunapenda kuhoji, mkutano wa kuchimba choo tu hutuchukua kutwa nzima. Ukimya ule ulinitisha wageni wakiwa bado pale.

Jioni, jikoni, nilimwambia Masunga, "Umesikia mambo ya leo." Alikuwa anakula polepole, jambo lisilo la kawaida yake.

"Nimesikia, mjomba. Ugonjwa unakuja na ng'ombe bado wazima. Tumshukuru yule binti."

"Basi utakaa nao hapa."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mzee. "Mjomba, nyumba yako ikianza kushika moto upande mmoja, vitu vyote utaviacha ndani?"

Msomaji asiyetoka kwetu aelewe jambo hili, maana bila hilo atadhani tulikuwa wajinga. Kwetu ng'ombe hawekwi mahali pamoja. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa, hawa kwa mkwe, hawa kwa rafiki wa tangu utoto, hawa kwa shemeji wa wilaya nyingine. Anayekaa nao hunywa maziwa, hutumia samadi na huwatunza, lakini ng'ombe hubaki wako. Ukija ukame hapa, kule wamepona. Wakija wezi hapa, kule wamebaki. Ndivyo babu zetu walivyovuka njaa na tauni za mifugo, na ndivyo undugu wetu ulivyofungwa, kwa kamba za ng'ombe. Kila mtoto huyajua hayo kabla ya kujua Baba Yetu. Kwa hiyo wanaume waliposikia kwamba balaa liko njiani na mifugo bado mizima, kila mmoja peke yake, bila kushauriana, alijua la kufanya. Onyo lilitupa muda, na muda ule tuliutumia kutawanya ng'ombe.

Alfajiri nilipotoka kwenda kufungua kanisa la kigango kwa sala ya asubuhi, nilikuta zizi la Masunga limebaki nusu. Nilitazama bondeni. Katika ukungu, kila upande, niliona makundi madogo ya ng'ombe yakienda, na hapa na pale sauti ya mtu ikiswaga kwa chini. Kijiji kizima kilikuwa kinawapeleka kwa wakwe. Nilimpigia Kabula papo hapo. "Wote, guku?" aliuliza. Nikamwambia, wote ninaowaona. Walijaribu kuja na gari, lakini daraja la mbao lilikuwa limekwenda na maji.

Yaliyotokea njiani tuliyapata baadaye kwa Jilala, kaka yake Holo, aliyekuwa amekuja kumsaidia Masunga kuswaga. Walikuwa wakielekea kwa baba yao, Mzee Luhende, upande wa Ipililo. Walitembea vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili mtamba mmoja alianza kuhangaika, akalala pembeni ya njia. Alikuwa anatupa mimba, na ndama amekwama. Jilala alisema, "Shemeji, yule binti alisema tusishike." Na Masunga akajibu, "Alisema hivyo kwa sababu hajawahi kumwona ng'ombe akifa hivi." Akaingiza mkono, akamvuta ndama aliyekufa, akamwokoa mama yake. Mchungaji mzuri asingefanya vingine. Viganja vyake vilikuwa vimechubuliwa na kamba. Walipofika, mtamba alikuwa amedhoofika hata hawezi kusimama, na Mzee Luhende, kwa heshima ya mkwe aliyetembea mbali na kwa kutotaka nyama ipotee, alimchinja na kumchuna mwenyewe.

Masunga alirudi amepakizwa kwenye pikipiki, akitetemeka. Kwenye zahanati walimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa za kutuliza homa. Nyamizi alimkorogea uji, akaulalamikia mvua. Siku iliyofuata macho yake yalikuwa mekundu na fizi zinavuja damu. Tulimpeleka hospitali mjini Bariadi kwa gari la mtu aliyekuwa anapeleka mpunga, yeye akiwa amelala juu ya magunia. Nakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka vyumba nilivyoishi. Kilikuwa na rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno na nyeupe juu, dirisha moja lenye wavu, harufu ya dawa ya sakafu. Ilikuwa mchana wa jua kali, la kwanza baada ya wiki nyingi. Masunga aligeuza uso huku na huku kwenye mto. "Mjomba," alisema, "mbona mmezima taa?"

Nilimshika mguu juu ya shuka, nikamwambia, "Tupo hapa."

Kabula alifika na wenzake wakiwa wamevaa glavu na barakoa. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, na alipomwona aliinuka. Sijapata kumsikia dada yangu akisema vile. Alimwita mchawi wa mjini. Alimwita mwuza damu. "Ulikuja na ndoo yako ukaita mbu kwenye zizi la mwanangu! Ulijua! Ulisema mwenyewe kwamba ulijua!" Watu walitoka wodini kutazama. Kabula alipiga magoti kwenye sakafu iliyokuwa imetoka kupigwa deki, kama binti mbele ya mama yake, akasikiliza mpaka maneno yakamwishia dada. Kisha, akiwa bado magotini, akauliza kwa sauti ndogo, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nani mwingine alimshika yule ng'ombe?"

Ndipo Jilala, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasema, "Mimi nilishika kamba tu." Akafikiri. "Baba ndiye aliyechuna."

"Mpigie," Kabula alisema.

Jilala alitoka uani na simu. Tulimwona kupitia mlangoni akiweka simu sikioni, akisikiliza, kisha akikaa chini kwenye majani yenye maji, polepole, kama mtu anayetua mzigo. Holo alikuwa amesimama karibu yangu na kibuyu cha uji ambacho hakuna aliyekinywa. Alimtazama kaka yake, akaelewa, hakupiga kelele. Alinikabidhi kile kibuyu. "Kishike, mjomba," alisema, akaingia ndani kwa mumewe. Masunga alifariki kabla jua halijazama. Holo alipoteza baba na mume katika siku moja.

Hatukuruhusiwa kumwosha. Kwa desturi yetu mama na shangazi ndio wangemgusa mara ya mwisho, lakini aliletwa amefungwa kwenye mfuko mweupe na kushushwa na watu waliojifunika mpaka macho. Niliongoza sala nikiwa nimesimama mbali na kaburi, nikilazimika kupaza sauti kama mtu anayewaita watu wa ng'ambo ya mto. Kijijini walikufa wengine, na huko ng'ombe walikopelekwa walikufa watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Sitaki kutaja idadi. Usiku wa siku zile na mchana wake nilimwuliza Mungu swali moja tu: kwa nini unawaonya watu ambao unajua watafanya nini na onyo lako? Nilimkumbuka Nuhu. Katika mafundisho yangu yote nilikuwa nimewasema wale waliokataa kumsikiliza. Sikuwahi kuwafikiria wale ambao pengine walimsikiliza, wakaamini kwamba maji yanakuja, wakakimbilia kwa wakwe zao bondeni. Sikupata jibu. Nilipewa badala yake nguvu ya kuendelea kuuliza nikiwa nimepiga magoti, na kwa hilo nashukuru mpaka leo.

Wiki chache baada ya mazishi wanaume wa sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja kuvunja mtego. Walikuja mchana, kwa heshima, wakinisalimu kwanza. Waliniambia mashine ile imeleta mkosi na kijiji hakiwezi kulala. Niliteremka nao mpaka zizini nikiwa bado natafuta maneno, tukamkuta Nyamizi amekaa kwenye kigoda changu chini ya mtego. Alikuwa amenyoa nywele kwa msiba, na kichwa chake kilionekana kidogo sana.

"Shikamoo, mayu," kiongozi wao alisema. "Tumekuja kukuondolea hiki kitu."

"Marahaba. Kiondoeni." Hakunyanyuka. "Mkishakivunja, mtaniambia ni nani atatangulia kujua safari nyingine. Wewe? Au huyo nyuma yako anayeswaga ng'ombe wake mpaka leo alfajiri?"

Mwanaume wa nyuma alitazama chini.

"Nilimtukana binti wa watu," dada akaendelea, "kwa sababu alisema kweli na mwanangu akafa. Ingekuwa amesema uongo, mwanangu angekuwa hai? Semeni, mnajua kusema mnadani. Kile alichoambiwa na hiki kindoo alikifikisha mpaka mlangoni kwetu. Sisi ndio tuliokibeba tukakipeleka Ipililo."

Waliondoka. Tangu siku hiyo Nyamizi alifuta kioo cha kamera kila asubuhi kwa pindo la kanga yake, kabla ya kuwasha moto. Hakumsamehe Mungu haraka, aliniambia hivyo mwenyewe, na sikumharakisha. Kabula alipokuja kubadilisha wavu, hawakuzungumza sana. Dada alimwekea michembe kwenye sahani, akakaa kando yake mpaka amalize.

Hayo yote yalinirudia, miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama chini ya paa kwenye matanga ya Nyamizi, mvua ikinyesha. Wageni wa upande wa Ipililo walikuwa wanajiandaa kuondoka. Jilala, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, alikuja kuniaga na kamba begani. Katika zizi letu walikuwamo ng'ombe wa marehemu Mzee Luhende, aliowaweka kwetu tangu siku za ndoa ya Holo. Mwenye mji sasa amekufa, na kwa haki yao walikuja kuwachukua. Hakuna aliyekuwa na neno la kupinga. Nilikuwa namwombea safari njema pale Kabula alipotoka ndani, simu mkononi, uso umebadilika.

"Guku," alisema kwa chini. "Ni wale. Wameanza tena jana, kwenye mtego huu huu. Maabara bado haijasema kitu. Inaweza kuwa si kitu."

"Na ng'ombe?"

"Nimeuliza. Hakuna aliyetupa mimba."

Hakusema kwamba tumewahi. Wote wawili tulilikumbuka neno hilo, tukaliacha.

Sikuona Holo alikuwa amesimama wapi. Nilimwona tu akivuka ua kwenye mvua, bila kitu kichwani, akaenda kwenye lundo la matawi ya miiba nyuma ya zizi. Alivuta tawi kubwa kwa mikono yote miwili, akaliburuta kwenye tope, akaliegesha langoni. Akarudi kuchukua jingine. Jilala alimfuata, kamba bado begani.

"Dada, hao ni ng'ombe wa baba."

"Ni wa baba," Holo alisema. Damu ilikuwa inamtoka kwenye kidole kilichochomwa na mwiba. "Sijasema ni wangu."

"Njia ni ndefu. Tukichelewa mto utajaa."

"Ujae."

"Watu watasema umewazuia."

"Waseme, Jilala. Wewe ulikuwepo. Ulishika kamba." Alimtazama machoni. "Mtoto wako ana umri gani?"

Jilala alisimama, mvua ikimchuruzika kwenye ndevu. Kisha akaitoa kamba begani, akaitundika juu ya nguzo ya zizi, karibu na mtego ambao feni yake ilikuwa inaendelea kuzunguka, akaenda kwenye lile lundo kutafuta tawi kubwa kuliko la dada yake.